Robine Iko

Damas alikuwa amechoka, na uchovu wake haukuanza jana. Ulianza tangu siku alipoambiwa kwamba maabara ya kiwanda haihitaji tena mikono yake, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupima mawe. Kazi yake ilikuwa hiyo tu: kuletewa vumbi la mawe katika vifuko vidogo, kulipima, kuliyeyusha kwa asidi na kuandika shaba iliyomo ni ngapi kwa mia. Hakuwahi kukosea, au tuseme hakuwahi kukutwa amekosea, na kwa mtu wa maabara hayo mawili yanakaribiana sana. Alichobakiwa nacho sasa kilikuwa ni hesabu nyingi kichwani na goti la kulia lililovimba kila alipopanda mlima. Ole wake, Likasi ni mji wa vilima, na goti halichagui njia.

Aliposikia kwamba kuna mradi unaotafuta watu wanaojua kuhesabu, alipiga pasi shati lake jeupe akaenda. Mradi ulikuwa umetoka Lubumbashi, na msimamizi wake aliitwa Arsène, mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye macho mekundu kwa kukodolea kompyuta. Siku ya kwanza aliwakusanya wahesabuji katika ukumbi wa parokia akawaeleza kazi.

"Bon. Zamani bakubwa walikuwa wanapima maendeleo na franka tu," alisema. "Muntu akipata mushahara, basi, wanaandika anaendelea. Hata kama iko anakufa, wanaandika anaendelea! Shiye hapana. Shiye tutauliza mambo yote: mayi, masomo, nyumba, afya, mpaka kitanda. Maendeleo ya kudumu, vous comprenez?"

Damas alielewa, tena alifurahi. Alikuwa amewaona watu wengi wenye mishahara wakizikwa mapema, na siku zote alishangaa kwa nini hesabu za wakubwa haziwaoni. Akapewa rundo la karatasi. Kila karatasi ilikuwa na maswali thelathini na mawili, na kwa kuwa waliotunga maswali walitaka kila mtu aelewe, waliyaandika kwa maneno ya mjini. Mbele ya kila swali palikuwa na vijisanduku viwili tu. Kimoja kiliandikwa *Iko*, cha pili kiliandikwa *Haiko*. Mwishoni kila mtaa ungepata alama zake kwa mia, na mtaa ambao ungeshindwa kufika hamsini ungeingia katika orodha ya kuchimbiwa kisima kirefu, kile wanachokiita forage. Uliopita hamsini ungeambiwa hongera.

Mtaa aliopangiwa Damas uliitwa Kampi Duze. Jina hilo lilitokana na neno la Kifaransa la kumi na mbili, ingawa hakuna mtu aliyewahi kuiona Kampi ya Kumi na Moja. Zilikuwa nyumba za matofali zilizojengwa na kampuni ya zamani kwa ajili ya wafanyakazi wake, zimepangwa mstari kama askari, kila moja ikiwa na uzio wa maua, baraza dogo na bomba lake uani. Damas mwenyewe alikaa upande wa pili wa mji, katika nyumba ya udongo aliyoijenga kwa mikono yake, na ujanani alizionea wivu nyumba zile. Kwa hiyo alipoingia Kampi Duze mwezi wa kumi, jua likiwaka na mijakaranda ikimwaga maua njiani, aliingia kama mtu anayekwenda kwa matajiri.

Nyumba iliyomkaa moyoni kuliko zote ilikuwa ya Mama Alphonsine. Mama huyu alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi, mnene kiasi, amejifunga kitenge kipya kilichonyooshwa vizuri. Mumewe, Léon, alikuwa mmoja wa wachache waliobahatika kuajiriwa katika kiwanda cha kusafishia shaba, na kila mwezi mshahara wake uliingia. Alphonsine alimkalisha Damas katika kiti cha mahameli. Kabla hajatoa hata kalamu, akamletea glasi ya maji juu ya sinia lililotandikwa kitambaa cha kufuma.

"Kunywa kwanza, Papa. Jua iko kali."

Damas aliyapiga maji yale funda moja. Kwa aibu kidogo akaomba glasi nyingine. Alphonsine alisita, kidogo tu, kama mtu anayekumbuka jambo, kisha akaenda akaileta. Hata hiyo Damas hakuiacha na tone.

"Asante, Mama. Sasa tuanze. Robine mu kiwanja, iko?"

"Iko, Papa. Njo ile."

Damas aligeuza shingo akaitazama kupitia dirishani. Lilikuwa bomba la shaba, limesuguliwa likang'aa. Akaweka alama.

"Batoto wanasoma? Masomo iko?"

"Iko. Tina wangu iko mu sixième, darasa ya mwisho, mwaka huu anafanya examen d'État."

"Kitanda?"

"Iko!" alisema Alphonsine, akafungua mlango wa chumbani kwa fahari. Kitanda kilikuwa kikubwa, cha mbao nzito, kimefunikwa shuka jeupe lililotariziwa ndege wawili kwa uzi mwekundu. Damas hakuwa na kitanda kama kile. Akaweka alama, akashukuru, akaenda nyumba ya jirani, na huko nako akajibiwa vilevile. Robine? Iko. Masomo? Iko. Kitanda? Iko, Papa, karibu utazame. Kwa wiki tatu alisikia neno hilo mpaka akaliota.

Karatasi zilipofika mikononi mwa Arsène, alizisifu mbele ya wote. Hazikuwa na neno lililofutwa wala doa. Akaziingiza katika kompyuta, na Kampi Duze ikatoka na alama sabini na nne kwa mia, ya kwanza katika mitaa yote. Damas alichekelea kama mtu aliyefaulu yeye mwenyewe. Lilibaki jambo dogo: chef wa mtaa atie saini, na Ijumaa orodha ipelekwe Lubumbashi.

Jumanne saa nne asubuhi, Damas alipanda tena kilima cha Kampi Duze kuitafuta saini hiyo. Chef hakuwepo. Alikuwa amekwenda Kambove kwenye matanga, na angerudi jioni. Damas akageuka, akashuka hatua mbili, na mbele ya lango la Mama Alphonsine goti likakataa. Halikuuma tu. Lilikaza kama mlango ulioingia kutu. Alijaribu kupanda pikipiki ya kukodi, lakini mguu usiokunjika hauwezi kupanda pikipiki, na mwenye pikipiki akaenda zake. Damas akabaki ameshika uzio, jasho likimtiririka.

Léon ndiye aliyemwona. Alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka zamu ya usiku, kofia ya kazi bado mkononi, kikohozi kikimtangulia. Alimshika Damas mkono akamwingiza ndani taratibu.

"Muzee, utapumuzika hapa mpaka goti ilegee. Alphonsine! Mugeni atalala ku kitanda."

Alphonsine alitoka jikoni mbiombio. "Ku kitanda?" alisema. "Léon, tumuwekee mukeka pa baraza, kule iko na baridi ya muzuri."

"Mukeka kwa muntu wa mradi? Apana!"

"Mama anasema kweli, mukeka inatosha," alisema Damas, lakini Léon hakutaka kusikia. Mgeni ni mgeni. Damas, kwa kutaka kuwafurahisha wenyeji wake, akaona ni vema awape habari njema kabla ya kulala.

"Papa Léon, mutaa yenu ilitoka ya kwanza. Sabini na ine kwa mia!"

"Sabini na ine!" Léon alipiga makofi. "Unasikia, Alphonsine? Likasi muzima!"

Alphonsine alisikia. Alichukua bidoni ya manjano, dumu la plastiki lililokuwa nyuma ya mlango, akajitwika kata ya kitambaa kichwani, akatoka. Damas alitazama saa yake, kama alivyozoea kufanya maabara kila kitu kilipoanza. Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi.

Léon alimfunulia mgeni kitanda, kisha yeye mwenyewe akaenda kujilaza barazani juu ya mkeka uleule aliokuwa amemkatalia Damas. "Minye nalalaka inje, juu ya joto," alisema, akaanza kukoroma.

Damas alijinyoosha. Mara ya mwisho kulala juu ya godoro nene kama lile hakuikumbuka. Alifumba macho na usingizi ukamchukua papo hapo, kwa maana mtu aliyechoka halalamiki. Haikupita nusu saa. Kwanza ulikuwa mwasho mdogo shingoni. Akajikuna akageuka. Ukafuata mwingine kiunoni, mwingine nyuma ya masikio, mwingine pale pale penye goti, mpaka mwili mzima ukawa kama umemwagiwa upupu. Akaketi, akainua shuka lenye ndege wawili. Kwenye mishono ya godoro walikuwa wamejipanga, wekundu, wanene, wametulia kama wenye nyumba. Kunguni. Si mmoja wala kumi. Blanketi lililokuwa chini ya shuka lilikuwa gumu kwa jasho la miezi na miezi, na chini ya kitanda zilipangwa bidoni tupu nane.

Damas alitoka akichechemea, akijikuna, moyoni akimlaumu Alphonsine bila huruma. Nyumba ya mshahara, sebule ya mahameli, mwanamke amejipamba, na hawezi kufua blanketi! Akaenda moja kwa moja kwenye bomba uani ili anawe. Alizungusha kishikio. Kilizunguka kirahisi, kikazunguka tena na tena, bila kutoa hata mkoromo. Akainama kulichungulia. Mdomo wa bomba lile lililosuguliwa ulikuwa umezibwa na udongo mkavu. Nyigu walikuwa wamejenga nyumba yao ndani, wakazaa humo, wakahama.

Akabaki ameinama pale kwa muda mrefu. Hakuna nyigu anayejenga kwenye bomba linalotoa maji.

Alijikokota mpaka barazani akaketi karibu na Léon anayekoroma. Saa sita ikapita. Saa saba ikapita. Kiu ilimbana lakini hakumwamsha mwenyeji. Saa nane ikapita. Alitazama uani kwa jirani, akaona bomba lingine linalong'aa. Ng'ambo ya njia akaona la tatu. Yote alikuwa ameyaandika kwa mkono wake.

Saa tisa na robo Alphonsine alirudi. Alikuja polepole akipandisha kilima, shingo imekakamaa chini ya bidoni, kitenge kimelowa bega moja, na nyuma yake Tina, bintiye, naye na bidoni yake. Tina alivaa sare ya shule, lakini mkononi hakuwa na daftari. Alphonsine alitua mzigo na kushusha pumzi. Kabla hajafuta uso wake, alichukua glasi, akaijaza, akaiweka juu ya sinia lenye kitambaa, akamletea mgeni.

"Kunywa, Papa."

Damas aliishika glasi lakini haikupanda mdomoni. Saa nne na dakika ishirini na tano. Ndicho kipimo cha glasi ile, na mbili za namna hiyo alikuwa amezipiga funda siku ile, kisha akaandika kwamba nyumba ina maji. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

"Mama Alphonsine, uliniambia robine iko."

"Iko, Papa. Weye uliuliza kama iko. Haukuuliza kama inatokaka mayi."

"Inatokaka?"

"Hapana. Miaka saba sasa."

"Na mayi munatekaka wapi?"

"Ku chemchemi, nyuma ya kilima. Foleni njo inachukua wakati. Leo minye, kesho Tina. Leo ilikuwa ya wote wawili, juu mugeni iko." Alisema hivyo bila lawama, na ndiyo maana maneno yake yalichoma zaidi.

"Na masomo ya Tina?"

Alphonsine alimtazama bintiye. Tina akajibu mwenyewe huku akitazama chini. "Masomo iko, Papa. Niko inscrite, jina iko mu kitabu. Juma ilipita nilienda mara mbili."

"Lakini Mama, juu ya nini hukunieleza?" aliuliza Damas. "Karatasi ilikuwa ya kuwapatia forage! Mungesema ukweli!"

Alphonsine aliketi kwenye ngazi, miguu mbele yake, imejaa vumbi jekundu.

"Papa, sikia. Muntu anakuya na karatasi, na bic, na shati ya kupasiwa. Minye nimwambie hapa hatuna kintu? Papa ya Léon alikuya hapa kutoka Kasai na train, juu ya kazi. Shiye hatukukuya kuomba. Tena Léon iko na mushahara. Nikisema nyumba yangu haina mayi, nikisema kitanda iko na kunguni, bantu watasema nini? Watasema bibi ya Léon ni muvivu." Akafuta jasho kwa ncha ya kitenge. "Hii robine, kila juma, Samedi, niko nasugua. Nikiacha kusugua, ni kusema imekufa."

Damas aliyanywa yale maji funda moja moja, kama dawa, akaiacha glasi tupu juu ya sinia. Na hakuomba ya pili.

Njiani kurudi, jioni, goti likiwa limelegea kidogo, alimkumbuka mkuu wa maabara wa zamani, mzee mkali asiyecheka. Mzee huyo alikuwa akiwaambia vijana wake kwamba mzani haudanganyi, anayedanganya ni beleshi. Rundo la mawe likiletwa na lori, lililo zuri huwa juu, na mvivu huchota hapohapo juu. Ataipima sampuli yake vizuri, ataandika namba safi, na namba ile itakuwa uongo mtupu. Dawa yake ilikuwa moja tu: mwaga kifuko chote, rudi kwenye rundo, chota tena kutoka chini. Damas alikuwa amewafundisha wengi neno hilo. Na sasa, uzeeni, alikuwa amekwenda nyumba kwa nyumba akichota sebuleni.

Jumatano asubuhi alisimama mbele ya meza ya Arsène.

"Kampi Duze haina sabini na ine," alisema. "Minye nilikosea."

Arsène alisugua macho yake. Usiku alikuwa amelala kwa muda wa saa tatu tu. "Papa Damas, minye nachoka. Vendredi orodha inaenda. Kila muntu anakuya kunililia juu ya mutaa moja. Huruma haiingiake mu kompyuta."

"Si huruma. Ni sampuli. Beleshi yangu ilichota pa juu." Akamweleza yote: nyigu, bidoni nane, saa nne na dakika ishirini na tano. Hata kunguni hakuwaficha. Alikunja kola akaonyesha shingo yenye vipele.

"Lakini njo maana tuliacha kupima na franka tu," alisema Arsène, kama mtu anayejitetea. "Tuliuliza mayi. Tuliuliza masomo."

"Tuliuliza kama iko," alisema Damas. "Na kwa muntu wa Kampi Duze kila kintu iko. Hata kile kilikufa, iko."

Kijana alifungua karatasi za Damas, zile safi kuliko zote, akazifunga tena. Kisha akakata shauri. Kama Damas angezirudia nyumba arobaini kabla ya Alhamisi jioni, angepokea marekebisho. Ila kosa lingeandikwa kwa jina la mhesabuji, na katika awamu ya pili ya kazi asingeitwa tena.

Jambo hilo lilimuuma Damas. Asiye na pensheni hafurahii kupoteza kazi, wala mtu aliyejulikana kwa miaka thelathini na mmoja kuwa hakosei hafurahii jina lake kuandikwa mbele ya neno kosa. Aliwaza njia ya kushuka mjini, akawaza kuachia mambo yaende. Nani angejua? Halafu akaiona tena ile glasi juu ya sinia.

"Andika jina yangu," alisema. "Niko naenda."

Akajifunga goti kwa kitambaa, akaokota fimbo, akapiga moyo konde. Siku mbili alipanda na kushuka Kampi Duze, na safari hii hakuuliza kama kitu kipo. Bomba, aliuliza lilitoa maji lini mara ya mwisho. Mtoto, aliuliza wiki iliyopita alikwenda shule siku ngapi. Kitanda, aliuliza nani alikilalia jana. Mwanzoni watu walimkodolea macho. Kisha, mlango mmoja baada ya mwingine, wakashusha mabega.

"Mayi?" alisema Mama Emérance, akacheka bila furaha. "Ilitoka mara ya mwisho siku ya kilio ya mama yangu. Nakumbuka, juu tulipikia bantu."

"Jenny wangu alikuwa bado mu mugongo," alisema mwingine. Jenny mwenyewe alikuwa amesimama pale mlangoni, amemfikia mama yake kifuani.

Germain, mjane aliyekuwa seremala, alifikiri sana. "Bibi yangu alikuwa bado muzima," alijibu. "Alifungua, ikatoa nyekundu, halafu ikatoa upepo. Njo mwisho."

Hakuna aliyetaja mwaka. Damas, mtu wa tarehe na desimali, aliandika vifo na mazazi kama alivyoambiwa. Alipoirudia nyumba ya Alphonsine, mama huyo alimjibu kila swali akiwa amesimama wima. Lililohusu kitanda alilijibu kwa sauti ya chini, akitazama pembeni. Alhamisi jioni goti lilikuwa limevimba kama boga, na nyumba zilikuwa arobaini na moja.

Kompyuta ilitoa namba mpya: thelathini na tisa kwa mia.

"Inabakia kintu moja," alisema Arsène. "Hawapokeake marekebisho kama haina sababu. Hapa, ona. Mustari moja tu."

Damas alivaa miwani. Mstari wenyewe ulikuwa mfupi kama kidole. Yote yaliyomtokea, aibu ya Alphonsine, madaftari ya Tina, kikohozi cha Léon barazani, yangeingiaje humo? Alishika kalamu muda mrefu. Kisha akaandika maneno matano. Arsène akayasoma, akafungua kinywa kutaka kukataa, akakifunga. Mkono wake ukapanda wenyewe kujikuna shingo. Akaituma karatasi kama ilivyo.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili: sababu imekubaliwa. Mashine ya kuchimba ilichelewa, ikakwama njiani, ikasubiri mvua ziishe, ikapanda kilima cha Kampi Duze mwezi wa saba, wakati wa baridi. Ilipofika mita sabini na kitu, maji yakaruka. Tina alikuwa amekwisha kuufanya mtihani wake wa mwisho kabla ya hapo na akashindwa. Jambo hilo hakuna kisima kilichoweza kulirudisha nyuma, na ilibidi aanze tena mwaka. Awamu ya pili ya kazi ilianza mwezi wa nane. Damas hakuitwa.

Jumapili moja, baada ya misa, alipanda kwenda kuwasalimu. Akakuta mablanketi yameanikwa kwenye uzio wa maua, nyumba hadi nyumba, mstari mzima wa Kampi Duze ukipepea. Godoro la Alphonsine lilikuwa nje juani, limemwagiwa maji ya moto. Mama huyo akamletea glasi juu ya sinia.

"Kunywa, Papa. Na ya pili iko. Iko ya kweli!"

Damas akanywa zote mbili. Walikaa, watu wawili waliochoka, wakitazama mablanketi.

"Papa, minye nataka kuuliza," alisema Alphonsine. "Arsène alituambia uliandika mustari moja tu, na kule Lubumbashi wakaitika. Uliandika nini?"

Damas alisitasita, kisha akamwambia.

Alphonsine alitoa macho. Akaziba uso kwa viganja vyote viwili, mabega yakaanza kutikisika, na Damas akadhani amemliza. Alipoondoa mikono, alikuwa anacheka huku machozi yakimtoka.

"Aa, Papa Damas! Uliniandika na kunguni yangu mpaka Lubumbashi!"

"Nilikuandika, Mama. Unisamehe."

Akacheka tena, akajifuta, na uso wake ukarudia uchovu wake wa siku zote. Karatasi ile ipo hadi leo katika faili la mradi, yenye jina la Damas mbele ya neno kosa. Wakubwa wanaotaka kujua kama watu wameendelea na waisome, kwa kuwa mishahara imehesabiwa, mabomba yamehesabiwa, na vitanda vimehesabiwa, na bado mwisho wa mstari pameandikwa kwa mkono wa mtu aliyewahi kulala humo: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.